Mchoyo wa Indiketa

Kanuni yake ilikuwa moja: indiketa husema ninakokwenda mimi, haisemi uende wapi wewe. Aliishika kwa miaka saba katika kampuni ya malori ambamo hakuna dereva mwingine aliyeishika hata siku moja.

Asiyezijua safari ndefu huenda asione ugomvi uko wapi. Lori lililobeba saruji likipanda mlima huenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Magari madogo hujipanga nyuma yake, na wenye magari hayo hawaoni mbele. Basi madereva wa malori wana desturi yao. Ukiwasha indiketa ya kushoto, umemwambia wa nyuma, "Kweupe, nipite." Ukiwasha ya kulia, umemwambia, "Kaa huko huko, kuna gari linakuja." Wa nyuma hupita, hupiga honi fupi ya shukrani, na kila mmoja hujiona muungwana.

Yeye hakumwashia mtu. Wenzake wakamwita Mchoyo.

"Taa si yako, ni ya kampuni," dereva mmoja mnene waliyemwita Tangi alimwambia mbele ya watu, uwanjani walipokuwa wakisubiri kupakia. "Betri si yako. Unachotoa wewe ni kidole tu, na kidole chenyewe unakibana!"

"Na wewe siku ukikata kushoto kweli, wa nyuma utawaambiaje? Utatoa kichwa dirishani upige mbinja?"

"Watajua tu."

"Watajua kwa ramli?"

Wote walicheka, lakini jioni kila mmoja alikwenda kuwasha kama kawaida yake.

Hakuzaliwa na msimamo huo. Miaka yake minne ya kwanza aliwasha kama wengine. Kisha mchana mmoja, mlimani, mwenye gari dogo alimpigia honi mfululizo, naye kwa kuchoshwa na kelele akamwashia kushoto bila kuitazama barabara sawasawa. Gari likapita. Halikugonga kitu. Mwanamke aliyekuwa kwenye usukani alimpungia mkono, na watoto wawili wa kiti cha nyuma nao wakapunga. Asante ile ndiyo iliyomkwama kooni. "Nimemtuma mtu mahali ambapo sikupaona," alimwambia mkewe alipofika nyumbani, "naye akanishukuru."

Kwa safari zake mwenyewe, hata hivyo, aliwasha kila mara. Aliwasha akiingia kituo cha mafuta kisicho na mtu. Aliwasha akigeuza lori katika uwanja mtupu wa kampuni, ukuta peke yake ukimtazama. Mkewe, fundi cherehani ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, alisema anangoja siku mumewe atakapowasha akigeuka kitandani.

Mambo yaliharibika siku mwenye kampuni alipokwama nyuma yake, akiwa amechelewa kikao. Kesho yake alimwita ofisini, wala hakumpa kiti.

"Jana uliniona?"

"Nilikuona, bosi. Gari jeupe, honi nzito."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Nimekaa nyuma ya moshi wako kilomita tisa! Na hukuniwashia?"

"Ningekuwashia, ningekuwa nimekuahidi kwamba mbele ni salama. Mimi naona mpaka kwenye kona tu, bosi. Ng'ambo ya kona nipo gizani kama wewe."

"Wenzako wote wanaona, wewe tu ndiye kipofu?"

"Wenzangu wanabahatisha."

Bosi alipiga meza kwa kiganja. Akasema kesho atapanda naye lori lile lile mpaka mlimani, amwamuru kuwasha, na asipowasha ataacha funguo.

Usiku ule mkewe aliiacha cherehani akaja kukaa mbele yake. "Baba watoto, lori hilo ndilo limekufanya mtu. Inua kidole mara moja, bosi apoe, halafu uendelee na kanuni yako."

"Nikiinua mara moja, nitakuwa na kanuni gani ya kuendelea nayo?"

"Kiburi kina mahali pake."

"Basi mahali penyewe ndipo hapa, mama."

Watu wengi husema alikuwa mkaidi. Alikuwa. Lakini tumezoea kuuita ukaidi kila ukweli unaotuchelewesha, na kuuita ubinadamu kila uongo unaotupisha njia.

Siku ya pili walipanda mlima, bosi kando yake na miwani ya jua usoni. Nyuma yao palikuwa na magari saba. Honi zikaanza.

"Washa kushoto," bosi akasema.

"Mbele sioni, bosi."

"Sikukuuliza unaona nini. Washa!"

Hatua chache mbele palikuwa na eneo pana la kokoto, mkono wa kushoto, ambapo malori hupumzisha injini. "Naingia pale kando," Mchoyo akasema. "Funguo utazichukua tukisimama." Akawasha kushoto, kwa sababu kweli alikuwa anakwenda kushoto. Alijua kwamba wa nyuma huenda akaelewa vingine. Lakini hakuna taa nyingine ya kusema kushoto.

Aliyekuwa nyuma yake alikuwa na pikapu iliyobeba magodoro. Aliiona ile taa akaisoma kama walivyomfundisha madereva wa malori: kweupe, nipite. Akachomoka kulia. Wakati huo huo basi likatokea kwenye kona, likiteremka kwa kasi.

Mchoyo hakukanyaga breki. Alikata usukani wote, lori likaingia kokotoni likirukaruka, na nafasi aliyoiacha barabarani ndipo pikapu ilipojibana. Basi lilipita na honi ndefu. Godoro moja lilikatika kamba likaanguka katikati ya barabara.

Lori liliposimama, bosi alikuwa bado ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Yule nilimwambia ninakokwenda," Mchoyo alisema. "Yeye akasikia ruhusa. Nani kamfundisha, bosi? Si sisi?"

Bosi alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. Mtu angetarajia aseme amekosea. "Labda umesema kweli," alisema. "Lakini nina malori kumi na manne, na sitaki dereva anayenitolea hotuba ndani ya moja. Nakuuliza mara ya mwisho. Utawasha kama wenzako?"

"Siwashi."

"Lete funguo."

Alizima injini, akavuta breki ya mkono, akashuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu, kwa kuwa lori lenye mzigo haliachwi hivi hivi mlimani. Kisha akampa bosi funguo kupitia dirishani.

"Ondoka na gia ya kwanza," alimwambia. "Na ukirudi barabarani, washa kulia. Hapo utakuwa unakwenda kweli."

Akateremka mlima kwa miguu.

Kanuni ile ilimgharimu lori aliloliendesha miaka kumi na moja. Ilimgharimu wenzake, ambao tangu siku ile humpita bila salamu, na mazungumzo ya mkewe, aliyemnunia majuma mawili. Kampuni nyingine zilikuwa zimekwisha kupata habari zake, na hakuna iliyompa usukani. Leo anaendesha trekta ndani ya uzio wa kiwanda cha matofali, kwa nusu ya mshahara, na hajamwomba mtu radhi.