Muziki Uliobaki kwa Papa

Juzi, huko Kashuga, mkulima mmoja mzee, zamani kiongozi wa kwaya, alisimama ghafla mbele ya duka la kuchajia simu. Bomu lililoanguka kijijini kwao lilimwachia masikio ya kusikia ngurumo tu. Mwenye duka alikuwa anajaribu spika kwa muziki wa metali, magitaa yakikwaruza na ngoma zikibadilisha mwendo kila mara. Mzee akaweka kiganja juu ya spika, akahesabu mapigo kwa vidole.

"Saba... sasa tano. Banabadilisha, na hakuna mwenye anapotea! Hawa njo banani?"

"Ni bazungu, Papa!" mwenye duka akamjibu mzee kwa sauti kubwa.

Hakusikia. Alikuwa anacheka.

Mkewe, aliyekuwa amefuatana naye, akamsogelea mwenye duka kwa furaha. "Kaka, umuwekee wimbo ya kwaya yetu, ile alitufundisha yeye mwenyewe."

Ukapigwa, waimbaji tu bila ngoma, sauti ikapandishwa hadi mwisho. Mzee akangoja, kiganja palepale.

"Mulizima?"

Mkewe akageuza uso. "Murudishe bale bazungu," akasema.

Ninyi mnaolalamika kwamba muziki wa siku hizi ni kelele, nionyesheni wimbo wetu mmoja unaoweza kuingia katika masikio tuliyoachiwa na vita.