Duka Lililofungwa Tulia

Shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, nilitoka mji wa Wote nilikokuwa nikifundisha, nikarudi kwa mama karibu na soko la Tulia. Nilidhani ni likizo fupi. Nilikaa hadi mvua za mwisho wa mwaka, na niliyoyaona bado yananiuma.

Sokoni palikuwa na duka kubwa moja, la mume na mke Waislamu waliotoka pwani zamani na kuzaa watoto wao hapa. Mume alileta bidhaa kutoka Mombasa kwa lori lake: unga, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia. Mke alikaa dukani, na alikuwa rafiki wa mama. Baba alipofariki, ndiye aliyeshinda jikoni kwetu akiwapikia waombolezaji, huku macho yamemwiva kwa moshi.

Kisha redio ikatangaza kwamba ugonjwa umefika Mombasa. Haukupita muda mume akarudi na shehena, akashuka kwenye lori akikohoa. Barabara yetu ni vumbi tupu na kila anayeipita hukohoa, lakini siku hiyo vumbi lilisahaulika. Kufikia jioni ikasemwa ana corona. Asubuhi ikasemwa amekufa na mkewe anaficha maiti. Nilipowaambia watu kwamba nimemwona mume mwenyewe akifagia mbele ya duka, waliniuliza kama nami nimeguswa na ugonjwa, wakasogea mbali.

Mkewe alikuja kwetu mchana, amebeba mfuko wa unga na miche ya sabuni. Mama alitoka mpaka langoni, asilifungue.

"Dada, nimewaletea kidogo," mgeni alisema. "Naona siku hizi hamji dukani."

"Weka hapo nje," mama alijibu, leso mdomoni.

"Hata kunisalimia?"

"Uende tu, dada. Watu wanatuangalia."

Nililisogelea lango, mama akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mgeni aliuweka mfuko chini taratibu, akaondoka bila kugeuka. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Mbuzi wa jirani waliupasua, unga ukamwagika mchangani.

Lori liliporudi tena kutoka Mombasa, vijana walikuwa wameziba barabara kwa mawe. Dereva waliyemtuma aligeuza na mzigo wote. Wiki hiyo duka likafungwa, familia ikahamia Mwingi kwa ndugu zao.

Hapo ndipo tulipotambua ni nani aliyekuwa akitulisha. Maduka madogo yalikuwa yakinunua kwake, nayo yakabaki na rafu tupu. Soko la wiki lilikuwa limepigwa marufuku. Chumvi tuliyopata Migwani tuligawana na majirani kwa kijiko. Redio ilituhimiza kunawa kila mara, nasi tulinawa kwa majivu. Vijana wale wale wa mawe walikuja kumwuliza mama kama hana kipande cha sabuni, kuna mtoto mchanga nyumbani. Mama aliwageuzia mgongo, akaingia ndani.

Mume yule hakuwa mgonjwa hata kidogo. Tulisikia hivyo baadaye, na hakuna aliyeinua sauti kuitangaza habari hiyo kama ile ya kwanza.

Hofu ya ugonjwa ilipotulia, nilimpeleka mama Mwingi. Alibeba ndengu za shambani na kuku mmoja. Rafiki yake alitukaribisha, akatuwekea chai na mahamri, akauliza habari za mavuno. Mama alishindwa kunywa.

"Nilikufungia lango, dada," alisema. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe."

"Basi rudini. Duka bado liko tupu, hakuna aliyelichukua."

Rafiki yake alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Mimi ningerudi," alisema hatimaye. "Lakini watoto wangu walizaliwa Tulia, wanaongea Kikamba zaidi kuliko Kiswahili. Siku ile ya mawe waliwasikia watu waliokua nao wakisema tuchomewe ndani ya nyumba. Nitawaambia nini ili walale usingizi kule?"

Tulipoaga, walishikana mikono muda mrefu mlangoni. Njia nzima ya kurudi mama alitazama nje dirishani mwa gari.