Konokono wa Chemchemi na Uji wa Mwalimu

Tangu ujana nimeamini kwamba usafi ndio mlango wa uadilifu, na nimewaeleza watu hivyo, wakiwamo wasioniuliza. Kwa hiyo nilipochaguliwa katibu wa kamati ya chemchemi katika bonde letu, chini kidogo ya Kanyakine, niliipokea kazi ile kana kwamba nimekabidhiwa dhamiri ya kijiji kizima.

Kila mvua zilipokwisha tulikutana kuisafisha. Tulizoa tope, tukasugua mawe, tukamwaga chokaa kingoni. Adui mkuu, kwa agizo langu, alikuwa konokono mweusi asiyezidi punje ya ndengu, aliyejibandika chini ya mawe kwa mamia. Nilikuwa nimesoma kwamba konokono wa maji hueneza kichocho, na sikuona haja ya kuuliza ni konokono yupi. Mwishowe nilinunua bata wanne, nao wakafika mahali ambapo brashi zetu hazikufika. Niliwasifu bata hao mbele ya wanafunzi wangu kama mfano wa bidii.

Kanuni yetu ilikuwa moja: asiyefika kazini huwaletea uji waliofika. Mjane mmoja, ambaye shamba lake la nduma, yaani magimbi, linapakana na chemchemi, hakufika hata mara moja. Alileta uji wa wimbi uliochachuka vizuri, na watu wakaanza kuomba asije kazini kamwe. Mimi peke yangu nilinung'unika, tena nikiwa na kikombe mkononi. Maji yaliyochuruzika kati ya nduma zake yalikuwa meusi, majani yameoza humo, mawe yameota ukungu wa kijani. Nilimkemea mara nyingi. Alinijibu kwamba nduma hupenda kusimama penye uchafu, na kwamba hajawahi kusikia nduma ikilalamika.

Mwaka huu akaja binti mmoja mtafiti, na chekecheke na sinia jeupe la plastiki. Alinieleza kwamba konokono wetu anajulikana katika chemchemi chache mno za upande huu wa mlima, na kwamba hana uhusiano wowote na kichocho. Katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, mbele ya jina lake pameandikwa kwamba taarifa hazitoshi. Maneno hayo nayafahamu. Nimeyaandika kwa wino mwekundu kwenye insha nyingi. Binti alisema akimpata hai, hata wachache, ataweza kueleza hali yake halisi na kuomba chemchemi ilindwe. Asipompata, orodha ina neno jingine, na neno hilo likishaandikwa ni nadra sana kufutwa.

Akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye katibu, nimwonyeshe mahali walipo wengi.

Nilimpeleka chemchemini kwa hatua za mtu anayekwenda kusomewa mashtaka. Maji yalikuwa maangavu kama kikombe cha altare. Aligeuza jiwe baada ya jiwe mpaka jua likawa utosini, na sinia likabaki jeupe. Aliuliza ni nani aliyepasafisha hivi. Nilijibu kwamba ni kamati, jibu la kweli kwa namna ambayo nimewaadhibu watoto kwa ajili yake. Wakati huohuo bata wangu wakapita mbele yetu kwa mstari, wameshiba. Binti akauliza ni wa nani. Nikasema bata ni kiumbe anayependa kutembea.

Usiku ule vitabu vyangu vyote vilinitazama kutoka rafuni. Kulipokucha nilimchukua binti hadi kwa mjane, tukamkuta ameinama kati ya nduma.

"Umekuja kunifundisha kung'oa majani, mwalimu?"

"La, Mama. Nimekuja kuomba tuutazame uchafu wako."

Aliweka jembe chini ili acheke vizuri. Kisha akatuonyesha pa kukanyaga. Binti alipiga magoti topeni, akainua jiwe la kwanza, halafu la pili. Mimi nilikuwa nimevua viatu, suruali imekunjwa magotini, nikiomba dua ambayo sijui kama imewahi kuombwa na mtu mwingine. Chini ya jiwe la tatu walikuwapo: weusi, wadogo, kumi na mmoja, wakitembea pasipo haraka wala shukrani.

Binti alitoa fomu, akaijaza palepale. Alipofika kwenye sehemu ya vitisho vinavyomkabili kiumbe, aliniomba nimsaidie.

"Chokaa," nikasema. "Na brashi."

Mjane aliendelea kufuta nduma tope.

"Na bata," akasema. "Aandike bata ni wa nani."

Binti alieleza kwamba fomu haihitaji jina la mtu.

"Basi aandike mwalimu. Hilo si jina."

Likaandikwa. Katika maisha yangu nimetuma makala nyingi magazetini, zikarudishwa. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia katika maandishi ya kitaalamu.

Bata wako Kiritiri sasa, kwa ndugu yangu, mahali ambapo kijito cha karibu ni hadithi. Kamati ilikubali kwamba mawe ya juu yasiguswe tena, tusafishe pa kuchotea tu. Siku ya kazi mjane alifika kwa mara ya kwanza, akakaa juu ya jiwe, akauliza kwa sauti ya upole iwapo mtu aliyewakosesha konokono maji yao kwa miaka yote ile anaweza kuhesabiwa kuwa alifika kazini. Kamati ilijadili kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia.

Nilirudi nyumbani, nikaupika uji mwenyewe, nikauchuja mara tatu, nikaubeba hadi bondeni. Watu walikunywa. Mjane alionja, akakitazama kikombe kwa muda.

"Ni safi mno, mwalimu," akasema. "Ndiyo maana hauna ladha."