Hatua Nne Chini

Baba Pacha alichomoa waya ukutani katikati ya wimbo, na mwenye duka nusura azimie.

"Wewe! Hicho ni kinanda kipya!"

"Ndiyo maana nakichomolea," alijibu Baba Pacha, jicho kwenye saa yake ya mkononi. "Ukumbini umeme haubishi hodi ukitaka kukatika. Nataka kujua kinachukua muda gani kuamka."

Aliurudisha waya, akahesabu kimoyomoyo. Kinanda kiliamka baada ya sekunde kumi na tisa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na daktari kwa shingo upande. Kwa sekunde kumi na tisa bibi harusi anaweza kusimama vizuri bila kuonekana amekwama. Ikizidi hapo, wageni wanaanza kutafuta viatu vyao.

Mwenye duka walimwita Tarumbeta. Alikuwa amepiga tarumbeta miaka mingi mpaka meno ya mbele yalipomkimbia, akaona heri awauzie wenzake vyombo. Alikuwa mpole, lakini ulimi wake haukuwa na breki. Tangu asubuhi alikuwa amemwona mteja wake akikinyanyua kinanda kile begani na kuzunguka nacho duka zima mara tatu, kwa sababu hoteli anayopigia muziki Jumapili ina ngazi za ghorofa mbili na lifti yake ni ya wageni tu. Alikuwa amemwona akiinama kusikiliza vibao bila kuwasha sauti, akitafuta kinachogonga. Amemwona akijaribu sauti moja baada ya nyingine: piano, akasema nzuri, fidla, akasema nzuri sana, tarumbeta, akanyamaza.

"Sema tu," alisema Tarumbeta. "Mbuzi mwenye mafua."

"Mbuzi mgonjwa kabisa."

"Lakini kwa bei hii, mwalimu, ukitaka na tarumbeta zilie vizuri utauza nyumba. Hiki kina ngoma ndani, kina besi, kinahifadhi mipangilio yako. Una kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Unapanga sauti zako nyumbani, ukifika jukwaani unabonyeza tu."

Baba Pacha alipanga palepale: cha kwanza piano, cha pili fidla za kibwagizo, cha tatu gitaa, cha nne kinanda cha kanisani kwa ajili ya maharusi wanaotaka kulia. Akahifadhi zote nne. Kilikuwa chombo kizuri, jamani, tusikidhulumu. Kile chake cha zamani kilikuwa na vibao vitatu vilivyokufa na kimoja kilichohitaji kofi ndipo kiitike. Mtu mwingine angetoa pesa na kwenda zake.

Lakini yeye alikuwa anakodolea macho kioo. Kioo cha kinanda kile kilikuwa kikubwa, cha buluu, kinang'aa kama dirisha la benki. Alibonyeza mara nne kitufe cha kushusha kii, kile kinachoteremsha wimbo mzima, na kioo kikaandika kwa tarakimu ambazo hata mpishi jikoni angezisoma: nne chini.

"Hii haiwezi kuzimwa?"

"Kioo? Uzime kioo halafu usomee wapi?"

Baba Pacha alitoa leso mfukoni, akaitandika juu ya kioo, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa huku na huku. Mwanga ulipenya.

"Mwalimu, unakivisha shela?"

"Macho yangu. Yanauma na mwanga."

Hapo alidanganya, na mimi simtetei. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Shida ilikuwa mke wake.

Mama Pacha ndiye aliyeimba. Walikuwa wawili tu, yeye na maikrofoni, mumewe na kinanda, miaka ishirini na minane, tangu kabla ya hao pacha wenyewe ambao sasa wameoa na kuolewa. Walikuwa na wimbo wao mmoja, kuhusu mtu anayengoja barua, ambao waliurekodi kwenye kaseti wakiwa vijana, na kila sherehe ilikuwa lazima uombwe. Katika kibwagizo sauti ya Mama Pacha ilipanda juu mpaka watu waliweka vijiko chini. Na yeye alikuwa ameshasema, tena mbele ya watu, kwamba siku atakaposhindwa kuifikia sauti ile ataweka maikrofoni chini na hataigusa tena. Mama Pacha hakuwa mtu wa kusema maneno ya kupamba.

Miaka saba iliyopita, baada ya homa moja mbaya, mumewe alimwona shingo ikimkaza kwenye kibwagizo. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alishusha kii hatua moja. Mama Pacha akaimba akashuka jukwaani anacheka. Mwaka uliofuata hatua ya pili, baadaye ya tatu, sasa nne. Na siku akimwona amejifunga mtandio shingoni, alijua koo linamsumbua, akashusha moja ya ziada kimyakimya. Kioo cha kinanda cha zamani kilikuwa kimekufa siku nyingi na kimezibwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme, kwa hiyo siri ilikaa salama. Mara moja tu, miaka mitano iliyopita, Mama Pacha aliweka ile kaseti akashangaa, mbona kwenye kaseti wako juu? "Redio hiyo inakimbia," alisema mumewe bila kupepesa. "Redio ikizeeka inakimbia." Yakaisha.

Ndivyo alivyoamini, maskini, kwamba yaliisha.

"Kichukue nyumbani," alisema Tarumbeta, aliyechoshwa na leso. "Kaa nacho siku mbili. Kisipokufaa, rudisha."

Kesho yake mchana wakakifungua sebuleni. Baba Pacha alikuwa amejipanga. Alikiweka kwenye meza ya pembeni, akakaa mgongo wake ukutani, kioo kikimtazama yeye peke yake, na kando yake akaegemeza daftari la nyimbo kuziba mwanga. Mama Pacha alitoka jikoni anafuta mikono, akakisifia rangi, akaburuta kiti akae karibu, kisha akachukua maikrofoni akasimama, kwa sababu hajawahi kuimba amekaa.

"Tuanze na wetu," alisema.

Baba Pacha akabonyeza kitufe cha kwanza, piano. Akashusha nne. Ngoma zikaingia, besi ikafuata, na loo, kinanda kile kilijaza chumba! Mama Pacha alifumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita laini kama mafuta, na Baba Pacha akajisahau kwa furaha. Kibwagizo kilipokaribia alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha pili ili fidla ziingie.

Fidla ziliingia. Lakini kitufe kile alikuwa amekihifadhi dukani, kabla hajashusha kii, na kilikumbuka kila kitu kama kilivyokuwa dukani. Wimbo mzima uliruka juu hatua nne kwa mpigo.

Mama Pacha alikuwa ameshafungua mdomo. Aliufuata. Alijivuta, akasimama kwenye ncha za vidole, mkono ukapanda kifuani, na sauti ikakatika. Kilichotoka kilikuwa hewa tu. Ngoma za kinanda ziliendelea kugonga zenyewe, hazina habari, mpaka Baba Pacha alipozima.

Baba Pacha alimwona mkewe anaitazama maikrofoni mkononi, na akaona ndiyo basi, miaka ishirini na minane inaishia sebuleni.

"Kinanda kibovu hiki," alisema haraka. "Kibovu kabisa. Kimeruka chenyewe. Kesho namrudishia Tarumbeta akae nacho."

Mama Pacha alizunguka meza. Akaliondoa daftari taratibu, akainama kwenye kioo.

"Mbona kimeandika sifuri?"

"Sijui. Nimekuambia ni kibovu."

"Kilikuwa ngapi kabla?"

"Mama Pacha, wacha..."

"Baba Pacha. Nakuuliza kwa wema. Tumefika ngapi?"

"Nne."

"Nne!" Alikaa kwenye kile kiti alichokuwa amekiburuta. "Mimi nilidhani tatu."

Baba Pacha alimtazama asielewe.

"Unakumbuka ulivyoniambia redio inakimbia?" alisema mkewe. "Niliibeba mpaka kwa fundi. Mtu mzima nimekaa kwenye benchi lake asubuhi nzima nimepakata kaseti. Akaifungua, akaipima, akanijibu, mama, redio hii haina ugonjwa, inakwenda sawasawa. Nikarudi, nikajifungia jikoni, nikaiweka kaseti nikaimba nayo. Sikuifikia. Nililia mpaka wali ukaungua. Wewe ukaula, ukasema una moshi mtamu."

"Nilidhani umejisahau tu."

"Nilikuwa nimekata shauri. Jumapili ile niimbe kwa mara ya mwisho, halafu nikuambie basi. Tukapanda jukwaani, nikawa nakuangalia. Kabla ya kila wimbo ulinitazama shingo kwanza. Hukutazama kinanda, ulitazama shingo yangu, ndipo mkono wa kushoto ukaenda kwenye kitufe. Nyimbo zote, Baba Pacha, mpaka zile za watoto. Nikasema, mtu ananisikiliza hivi, nikiacha nakwenda wapi?"

Machozi yalikuwa yameshamfika Baba Pacha, na hakuwa na leso, ilikuwa imebaki dukani.

"Miaka mitano unajua," alisema. "Na hukusema."

"Niseme nini? Ulikuwa unajificha kwa bidii hivyo, ningekuharibia."

"Na mitandio? Koo lilikuwa linauma kweli?"

Mama Pacha aliangalia pembeni, na kwa mara ya kwanza mchana ule akaonekana kama mtu aliyekamatwa.

"Mara moja moja," alisema. "Siku nyingine nilikuwa nimechoka tu. Niliona nikijifunga, unashusha moja."

Wakatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kisha mumewe, kicheko cha watu wazima kinachochanganyika na kamasi, mpaka wakalazimika kushika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo nakirudisha?" aliuliza Baba Pacha alipopata pumzi.

"Urudishe kinanda kizuri namna hii? Tena kina kioo. Nilikuwa nimechoka kubahatisha." Aliinuka, akaingia chumbani. Alisikika akifungua kabati, akifunga. Aliporudi alikuwa amejifunga mtandio shingoni, ule wa kijani, ameukaza vizuri kabisa, na joto lile la mchana.

Baba Pacha alibonyeza mara tano, waziwazi, mkewe akiwa amesimama begani kwake anasoma.

"Haya," alisema Mama Pacha akichukua maikrofoni. "Sasa hifadhi hivyohivyo kwenye vitufe vyote vinne, usije ukanirusha tena."