Uzio wa Kiwanda na Njia ya Ng'ombe

Juzi nilikuwa katika ofisi moja hapa Garsen, mtoto mgongoni, roho juu, maana mwekezaji alikuwa ameleta ramani ya kiwanda cha juisi, na sisi wakulima tumechoka kuona maembe yakituozea shambani.

Afisa wa ardhi akatuonyesha kwenye ramani uzio utakapopita. Mama mmoja wa Kiorma, mfugaji, akainuka sakafuni alipokuwa ameketi, akaweka kidole pale pale.

"Hapa umefunga malka, njia ya mifugo. Ng'ombe wetu watashukia wapi mtoni kunywa maji?"

"Mama, hapo pako wazi, hakuna kitu," afisa akamjibu.

"Si ni njia! Ulitaka tupande nini njiani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Malka ikifungwa ng'ombe hupitia mashambani, halafu watu hupigana, na mimi nimewahi kukimbia vita hivyo. Lakini nikimuunga mkono, na mwekezaji akikunja ramani yake akaenda zake, je? Nikajikuta nimeinua mkono.

"Mimi ni mkulima, kiwanda nakitaka sana, lakini huyu mama asema kweli."

Mwekezaji akatoa kalamu, akampa yule mama. "Basi ichore hiyo njia wewe, dada."

Akaichora, tena pana. Uzio ukasogea, kiwanda kikabaki. Kabla ya kurudisha kalamu akauliza, "Na wafanyakazi wako, maziwa ya chai si watanunua kwangu?"

Kumbe siku hiyo wawekezaji walikuwa wawili, na mmoja hakuwa ameandaliwa kiti.