Mwaka Niliomwacha Mdogo Wangu Lewisham

Watu wakisikia kwamba mimi ndiye niliyeijenga timu ya kikapu ya wanawake ya Stratford, hudhani nilikaa kitini nikachagua wachezaji bora. Wapi! Timu mpya haipewi bora. Inapewa wale ambao wenye timu zao wamepiga hesabu wakaona kwamba hata wakiondoka, si msiba. Kazi yako ni kujua nani kati yao kapigiwa hesabu vibaya. Kazi hiyo naiweza, na sioni haya kusema.

Utaratibu wenyewe tuliuiga Marekani. Ligi yao ya kulipwa ya wanawake ilikuwa inaongeza timu, nami nilifuatilia kwenye simu kila mapumziko ya kazi, pale stesheni ninapoelekeza abiria. Timu mpya inapoingia, kila timu ya zamani hutaja wachezaji inaowalinda, na hao hawaguswi. Waliobaki wako wazi. Timu mpya inakuja kuchukua, lakini kutoka kila timu mtu mmoja tu, hata ikipiga magoti haipewi wa pili. Ligi yetu sisi ni ya Jumapili, wanawake wa Afrika Mashariki na wenzetu Wakongo, wauguzi, wanafunzi, walezi wa wazee, tunacheza kwenye kumbi za shule za kukodi na hakuna anayelipwa hata nauli. Lakini Stratford tulipoomba kuingia tuwe timu ya tano, kamati ilisema mambo yafanywe kama ya wakubwa: kila timu ilinde sita, waliobaki ni halali yangu.

Sasa mdogo wangu alikuwa anachezea Lewisham. Ni mtoto wa mama yangu, nilimleta London akiwa bado mdogo, nikamsuka nywele, nikamwandikisha shule, nikamfokea inavyostahili. Alipoanza kikapu nilikuwa namsindikiza mazoezini na kumbebea begi, maana begi lilikuwa kubwa kuliko yeye. Baadaye nilipata kazi Stratford tukahama, naye akawa anasafiri kurudi Lewisham kila wiki, kwenye timu iliyomkalisha benchi zaidi kuliko kumchezesha. Anaelewa Kiswahili chote, ila akiwa na raha hujibu kwa Kiingereza. Kiswahili humtoka akikasirika, kwa sababu kufoka alijifunza kwangu.

Majina ya waliolindwa yalipotumwa kwenye kundi letu la simu, lake halikuwemo. Yuko wazi. Jioni hiyo nilimkuta jikoni ameshachagua mpaka namba ya jezi yake Stratford, anahesabu nauli atakazookoa. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha raha kama nitamchukua, huku anacheka, maana kwake hilo halikuwa swali. Nikasema tutaona. Akazidi kucheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemwona mwingine. Lewisham walikuwa wamemwacha wazi pia senta wao, yule anayecheza chini ya ringi, dada mmoja wa Kikongo, mrefu huyo, ukisimama naye unazungumza na kifua chake. Msimu uliopita aliumia goti akafanyiwa upasuaji, na kila mtu ligini alishamzika kimchezo. Lakini yule dada ni mlinzi kwenye maduka makubwa ya Stratford, na asubuhi hupita mbele yangu stesheni. Wiki ile nilimwona akiacha foleni ya ngazi za umeme, akapanda zile za kawaida mbili mbili, na mkoba begani. Goti bovu halipandi hivyo. Nami wale wasio na timu niliokuwa nimeshawaandikisha kuijaza Stratford, wote walikuwa wafupi.

Basi nikawa na tatizo. Kutoka Lewisham ni mtu mmoja tu. Nikimchukua mdogo wangu, timu yangu itadundwa msimu mzima chini ya ringi. Nikimchukua mrefu, sijui nitaingiaje nyumbani kwangu.

Kocha wa Lewisham alinitatulia bila kujua. Alikuwa Mkenya mcheshi, mtu wa maneno matamu, na siku mbili tatu kabla ya uteuzi alinifuata kazini akaninunulia kahawa. Akanisifia timu yangu ambayo hata haijazaliwa, akanivika vilemba vya ukoka kimoja juu ya kingine. Kisha akaja kwenye lake.

"Dadangu, chukua mtoto wenu mwende naye nyumbani," akasema. "Nami nitawaachia ukumbi wetu Jumamosi, mfanye mazoezi bure."

Mambo haya hata Marekani yapo, timu kumwongezea mgeni kitu ili achukue huyu na asimguse yule. Si kosa. Lakini nilipoirudia ile kahawa moyoni nilielewa kila kitu. Hakumlinda mrefu wake kwa sababu hakuona haja. Kwa nini apoteze nafasi ya kumlinda mtu, wakati mdogo wangu mimi, kocha wa timu mpya, amewekwa mbele yake kama pazia? Alijua sisi watu wa aina gani. Alijua hakuna dada wa kwetu atakayekaa mbele ya watu akamruka wa tumbo moja na kumtaja mwingine. Alikuwa amemfanya mdogo wangu chambo, na samaki ni mimi. Nilikasirika sana. Nikamshukuru kwa kahawa.

Uteuzi ulifanyika Jumamosi mchana, kwenye mkahawa wa Waarabu Edgware Road, kwa kuwa mwenye mkahawa ni shemeji wa mtu wa kamati na chai yake ya nanaa haina mfano. Makocha walikaa meza moja, wachezaji waliotaka kushuhudia wakakaa nyuma. Mdogo wangu alikuja na viatu vipya. Nikataja chaguo langu kutoka timu ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakapiga makofi. Ilipofika Lewisham, kocha wao alikuwa ameshaegemea kiti, anatabasamu.

Nikamtaja mrefu. Tabasamu la yule bwana lilikwama hapohapo, na mtu wa kamati akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Nyuma yangu nilisikia kiti kikisukumwa, na nilipogeuka mdogo wangu alikuwa anavaa koti.

Nilimkuta kituo cha basi. Nikamweleza yote, kwamba walimwacha wazi makusudi kwa kuwa mimi ni dada yake, kwamba walimtumia, na kwamba nisingekubali wamtumie. Niliongea vizuri sana. Nilidhani nikimaliza ataniunga mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili.

"Kwa hiyo wao hawanitaki, na wewe hunitaki."

Basi la ghorofa lilikuja akapanda, akakaa chini, nikajua kwamba mimi niende juu.

Nimenuniwa na wengi maishani, lakini kununa kwa mtu unayeishi naye ni kitu kingine. Akipika, anapika chakula cha mtu mmoja, na sufuria anaiosha papo hapo nisije nikaramba hata ukoko. Nikiingia sebuleni, anakumbuka ana kazi chumbani. Mama akanipigia kutoka Tanga, habari zilishamfikia, akataka kujua kikapu ni kitu gani hasa mpaka nimtupe mwenzangu kwa ajili yake. Nikajaribu kumweleza habari za ringi na urefu. Akanikatia simu. Niliumia, siwezi kusema uongo, niliumia sana, na kuna siku nililia chooni stesheni na sare yangu mwilini. Lakini hata siku hiyo sikuona kwamba nimekosea. Ningemchukua kwa huruma, angekaa kwenye benchi langu badala ya benchi lao, na kila mtu angesema yupo pale kwa sababu ya dada yake. Ningemfanyia kilekile alichofanya Mkenya, ila mimi ningekiita mapenzi.

Na timu yangu ilishinda! Ile timu ya watu waliodhaniwa wameisha ilianza msimu kwa kuwanyamazisha watu. Yule dada mrefu alikuwa anadaka kila mpira unaogonga chuma, na akikanyaga eneo lake hakuna anayepita. Nilitembea kifua mbele kuanzia Stratford hadi Edgware Road.

Tulipokwenda Lewisham kucheza nao, ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimetokea kule. Walimzoea mrefu. Kila mpira ulikuwa unakwenda kwake, na kazi ya mdogo wangu ilikuwa kumpelekea kisha kutoka njiani. Sasa mrefu hayupo, na kocha wao, atake asitake, ilibidi ampe mpira mtu mwingine. Alimpa mdogo wangu. Msichana niliyemzoea alikuwa akishika mpira anatafuta macho ya mtu wa kumpa. Huyu aliyekuwa mbele yangu hakumtafuta mtu. Alitufunga kutoka kushoto, akatufunga kutoka kulia, nami nikawa nampigia kelele mchezaji wangu amkabe, huku moyoni sijui naomba nini.

Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi moja na mpira ni wao. Ulimfikia yeye pembeni. Dada mrefu aliliona hilo mapema, akamwendea na mikono yote miwili juu, na nilijua kwamba mdogo wangu atapasi, kwa sababu siku zote hupasi. Hakupasi. Alirudi hatua nyuma, akaruka, akaurusha juu ya ile mikono, na wavu ukalia.

Tulifungwa kwa pointi moja. Nikajikuta nimesimama napiga makofi, machozi yananitoka kwa furaha, wachezaji wangu wote wananitazama kama nimerukwa na akili. Yule bwana wa kahawa alikuwa anamkumbatia mdogo wangu na kumwambia kila aliye karibu kwamba timu nyingine ikiingia mwakani, huyu atakuwa wa kwanza kulindwa.

Mdogo wangu alinifuata pale nilipokuwa nakusanya chupa za maji. Jasho linamchuruzika, kidevu juu. Nami nina kiburi changu, sikutaka aanze yeye. Nikamwambia kwamba kama uteuzi ungerudiwa hata leo, ningemchukua yuleyule mrefu.

"Najua," akasema. "Na mwakani usithubutu kunichukua."

Alisema kwa Kiswahili, na hakuwa na hasira hata chembe. Kisha akavua begi lake mgongoni akanipa nimbebee, tukaenda nyumbani.