Mkongwe na Marubani Wake Sita

Chai iliyochumwa asubuhi, ikikaa kikapuni mpaka saa kumi, huanza kunuka uchovu. Ubichi wake unapungua, inaingia harufu tamu iliyochacha kidogo, na ndani yake mna moshi na jasho la mgongo uliokibeba kikapu. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Wapo wanaoukumbuka utoto wao wakatabasamu. Mimi nikiinusa hukunja uso, na wenzangu ofisini hapa Meru, ambao wanajua tu kwamba nilizaliwa Kibugu kwenye chai, hudhani kichwa kinaniuma. Siwasahihishi.

Msimu ninaousimulia ni ile likizo ndefu baada ya kaka yangu Njeru kufanya mtihani wa darasa la saba. Mimi nilikuwa darasa la nne. Kwetu ni juu kabisa, pale mashamba yanapoishia na msitu wa mlima unapoanza, na ukungu hukaa mpaka saa nne ukilowesha nguo kushinda mvua. Tulichuma majani mawili na chipukizi tangu kulipopambazuka, tukayapeleka kituoni, kisha tukangoja lori la kiwanda. Lori hilo lilikuwa na tabia ya kukwama kwenye tope kona ya chini, na likikwama hapo, siku imekwisha. Watu wazima waliutumia muda huo kuwasengenya waliochuma majani ya kukomaa. Sisi wawili tulikaa nyuma ya kibanda cha mizani tukiandika habari za Mkongwe, na kalamu ikigoma kwa baridi tuliipasha moto kwapani.

Mkongwe ilikuwa ndege ya kivita ya kwenda kwenye nyota. Haikuwahi kuwapo popote ila ndani ya vitabu vinne vya mazoezi ambavyo Njeru alivishona pamoja kwa uzi wa katani. Mbegu yake ilitoka kwenye ukurasa wa gazeti la Kiingereza uliofungia nyama ya Krismasi. Ulikuwa na picha ya chombo chenye mabawa mafupi, na doa la damu pale palipopaswa kuwa na injini. Mtoto mwingine angechora ndege mpya inayong'aa. Njeru alichora iliyozeeka, akasema kitu kipya hakina habari za kusimulia. Iliingia kazini katika Vita vya Kwanza vya Zohali ikiwa na bunduki mbili na kiti kimoja. Ilipopitwa na ndege za kisasa waling'oa bunduki moja wakafunga machela, ikawa ya kubeba majeruhi. Amani ilipokuja ilinyunyizia kahawa dawa. Mwaka wa ukame iliwapelekea watu wa mwezini maji, na kuna ukurasa ambao ilibeba chai hadi kiwandani siku ambayo malori yote yamekwama. Bawa lake la kushoto lilikuwa lake tangu mwanzo, la kulia liliokotwa kwenye mabaki ya adui, kwa hiyo iliruka ikiwa imeinama upande mmoja na kila rubani alilazimika kujifunza kuruka upya. Kila wakubwa walipoamua kuistaafisha, vita vingine vilizuka, ndege mpya zikakataa kuwaka kwa baridi, na Mkongwe ikaitwa.

Marubani walipewa majina kama sisi wenyewe tunavyopewa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, wala si jina tu. Wazee humsalimia kana kwamba yule mzee ndiye amerudi. Babu yetu aliitwa Njeru, akamzaa Ireri, baba yetu, naye akamzaa Njeru, kaka yangu. Basi Mkongwe nayo ilipita kutoka kwa Ireri kwenda kwa Njeru, ikaenda kwa Ireri mwingine, hivyo hivyo mpaka ikamfikia rubani wa sita, Njeru. Kaka yangu aliweka sheria moja: katika kitabu chetu rubani hafi. Anashuka, anamwachia mwanawe usukani, anakwenda kulima. Nilidhani ni huruma ya kitoto. Kumbe yeye alielewa kwamba majina yale yalikuwa na wenyewe.

Mimi nilikuwa karani. Njeru alibuni, mimi nikanakili kwa usafi, na tuliandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani Kiembu kilikuwa cha kuongea na Kiingereza kilikuwa cha kuchapiwa viboko. Alinifundisha mwandiko wake wa kulalia kulia mpaka hata mwalimu asingetutofautisha. Kitabu tulikilaza kwenye sanduku la bati la babu, chini ya vyeti vyake, mahali pekee ambapo panya hawakufika. Babu alijua, na hakutukataza.

Mwezi wa kwanza ikaja barua. Njeru alikuwa amepata nafasi kidato cha kwanza, shule ya bweni, wa kwanza katika ukoo wetu wote. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliisoma barua hiyo mbele ya waumini kana kwamba ni somo la Jumapili. Tangu siku hiyo kaka yangu alianza kutembea na wavulana wengine wawili waliofaulu, mikono mfukoni. Nikamfuata kituoni nikamwambia rubani wa saba niwe mimi, kwa kuwa yeye alikuwa anaondoka.

“Wewe ni Wawira,” akanijibu. “Usukani haupiti kwa msichana. Wewe andika tu.”

Wenzake wakacheka. Huenda hakukusudia ubaya. Alikuwa anataja kanuni ya nyumba yetu jinsi tulivyoikuta. Lakini nilirudi nyumbani, nikakitoa kitabu, nikaandika chini ya rubani wa sita: “Asubuhi yenye ukungu Rubani Njeru alianguka, akafa. Hakuna aliyemlilia.” Nilimkusudia kaka yangu, na kwa dakika kama kumi hivi nilijisikia vizuri sana. Kisha nikakirudisha kitabu sandukuni.

Siku ya tatu babu alianguka katikati ya michai, kikapu kikiwa bado mgongoni, na hakuinuka tena. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Kibugu kila asubuhi ina ukungu, lakini nani angelikumbuka hilo? Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetumwa kutafuta kitambulisho cha marehemu ili kibali cha mazishi kitolewe. Alikuwa amejifunza kusoma Kiswahili kwa ajili ya Biblia, na alisoma polepole, akifuata kwa kidole, bila kuruka neno. Alitoka chumbani amekishika kitabu kwa ncha za vidole viwili.

Tulimzika babu Jumamosi. Jumapili baada ya ibada wazee wa ukoo walikaa sebuleni, na ingawa picha ya Yesu ilikuwa pale ukutani, siku hiyo Ukristo wetu uliombwa ungoje nje. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe.

“Mtu yuko hai, jina lake unaliandikia kifo?” shangazi akamuuliza kaka yangu. “Na ni jina lako mwenyewe! Umejizika, ukamzika na mzee.”

Baba akakifungua kitabu magotini pake. “Hiki ni cha nani?”

Njeru aliutazama ule ukurasa kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. “Ni changu.”

“Ni wewe uliyeandika haya?”

“Kitabu ni changu, baba.”

Hawakusikia kwamba hakulijibu swali. Mimi nilisikia. Nilikuwa na miaka kumi, na nimewahi kujitetea kwa miaka hiyo kumi mara nyingi, usiku na mchana, lakini mtoto wa miaka kumi anajua kusema “ni mimi”. Niliogopa kiboko. Ni hilo tu, hakukuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo. Nikagawa chai.

Wazee waliamua mtoto huyo aondoke kwenye boma mpaka mwaka wa msiba upite. Kesho yake akapandishwa kwenye pikapu ya kupeleka viazi, akateremshwa Mbeere, kwenye joto, kwa mjomba wetu aliyefuga mbuzi. Baba alisema shule itangoja. Shule haingoji mtu; siku ya kuripoti ilipita, nafasi ikapewa mwingine. Mkongwe, iliyowashinda maadui wote wa Zohali, shangazi aliichomekea kwenye mafiga akachemshia uji. Mwaka ulipoisha baba alimfuata Njeru, naye akakataa kupanda gari, akasema mbuzi hawamuulizi kitu. Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuzaliwa na watoto wangu. Yalikaa na mimi darasani, benchi moja, mpaka nikamaliza kidato cha sita.

Siku hizi watoto huitwa majina yoyote yanayowapendeza mama zao. Mwanangu huchora vyombo vya angani kwenye simu yangu, huvilipua pamoja na wote waliomo, na hakuna mzee anayeitisha kikao. Mimi hupongezwa kwenye harusi na mazishi kama msichana wa kwanza wa ukoo kushika ofisi. Nainama, napokea pongezi, na kila mara najua ni za nani.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, nilishuka Mbeere. Nilimkuta kaka yangu anapepeta ndengu, ngozi ya shingo imekauka, nywele nyeupe zote. Bintiye mkubwa, anayeitwa jina la mama yetu, alikuwa amepata nafasi kidato cha kwanza. Njeru alinipa fomu ya shule na kalamu.

“Jaza wewe,” akasema. “Mimi mkono umezoea panga.”

Nikajaza jina, kijiji, dini. Nikafika pale wanapouliza kiwango cha elimu cha mzazi, na kalamu ikasimama. Nikamwambia. Nilimwambia yote, vibaya, nikirudia maneno, miaka arobaini nikiimwaga kwenye mkeka wa ndengu. Yeye aliendelea kupepeta.

“Tulikuwa wawili tu kwenye kile kitabu, Wawira,” akasema. “Na mimi najua sikuandika.”

“Sasa mbona hukusema?”

“Nilingoja useme wewe. Siku ile pale sebuleni nilingoja. Nikangoja mpaka pikapu ikaondoka. Nikangoja hadi Pasaka, kila gari likisimama barabarani nainuka.” Akapuliza makapi, akatazama kama bado kuna uchafu. “Halafu nikazoea. Maliza hiyo fomu, mtoto asichelewe.”

Nikaandika darasa la saba, kwa sababu fomu haina nafasi ya kueleza zaidi.